Baba, Nimeuacha Mchu Upite

Baba,

Shikamoo. Leo nimekuja kukukaidi, na nimeona heri nikwambie mwenyewe kuliko usikie kwa wengine. Huko uliko sijui habari zinafika kwa njia gani, ila watu wa Bodo nawajua, hawashindwi.

Ukuta hautajengwa. Na ule ulioanza wewe, wa matumbawe na magunia ya mchanga, tumeubomoa katikati. Pale ulipokuwa ukikaa baada ya alasiri kutazama maji yakirudi, sasa pana mwanya wa kupita mkokoteni. Maji ya bamvua iliyopita, yale makubwa ya mwezi mpevu, yaliingia yakatoka bila kuomba ruhusa ya mtu, na yalipotoka yaliacha michu midogo, watoto wa mikoko, imetawanyika chini ya minazi yako. Nilipita katikati yake mikono nyuma. Sikung'oa hata mmoja.

Hasira zako nazijua. Nilizirithi kabla sijarithi shamba. Basi kasirika, lakini nisikilize hadi mwisho, maana ulipokuwa hai hukunipa nafasi hiyo, na sasa huna pa kwenda.

Unakumbuka tulivyokuwa tukifanya? Kila bamvua ilipopita, ya mwezi mchanga na ya mwezi mpevu, ulinichukua tukashuka hadi mwisho wa shamba, wewe na jembe, mimi na kikapu. Maji yalikuwa yamekwisha kurudi horini, kwenye ule mkono wa bahari, yameacha mstari wa majani makavu na taka, na kwenye mstari huo ndipo mbegu za mchu zilipokuwa zimelala, nono, za kijani, ganda limeshatoka. Nyingine zilikuwa zimeanza kushika ardhi. "Haya, tuwakamate wezi," ulikuwa ukisema, na mimi niliwakamata kweli, nikiwatia kikapuni huku nikiwasomea makosa yao, wewe ukicheka. Mtu asiyekujua angedhani ni mchezo tu wa baba na binti yake. Lakini hukuacha mbegu hata moja, na ile niliyoificha kwenye kopo nikaiotesha nyuma ya jiko uliigundua ukaimwagia maji ya moto. Sikulia mbele yako. Nililia nyuma ya choo, na ile ya kopo mpaka leo sijakusamehe.

Nilikuwa mkubwa ndipo nikajua sababu. Babu alikuwa na shamba lake Diani, akalima na kuzaa humo, mpaka walipofika watu na ramani na vigingi vilivyopakwa rangi wakamwambia kwamba kwenye ramani yao shamba lake halipo. Mahali kilipozikwa kitovu chako leo pana bwawa la kuogelea. Ukaja Bodo na mke na panga, ukafyeka, ukapanda minazi, ukahangaikia hati mpaka ukaipata ukiwa na mvi. Na juu ya hayo yote sheria inasema mkoko ni wa serikali, pamoja na mchu na mkandaa na kila mti unaosimama kwenye maji ya chumvi. Kwa hiyo machoni pako mche wa mchu shambani haukuwa mche, ulikuwa kigingi. Uliking'oa mapema kabla hajafika wa kukihesabu.

Halafu mimi, katika kazi zote za dunia, nikaenda kusomea ramani.

Nataka nikueleze kazi yangu mara moja tu, vizuri, kama nilivyotaka kukueleza siku ile. Tunatembea horini na ndani ya mikoko, na kila tunapokuta mti tunaandika mahali ulipo. Mkoko wapi, mlilana wapi, mchu wapi. Halafu tunauliza: hapa uliposimama pana nini? Ardhi imeinuka kiasi gani juu ya maji, chumvi ni kali namna gani, joto, mvua, maji baridi ya mto yanafika au hayafiki. Kompyuta inajifunza kutoka hapo tabia ya mti, unapenda nini na unakataa nini. Baadaye tunaiambia: sasa chukulia bahari imepanda, joto limezidi, mvua zimebadilika. Pale penye mambo unayoyapenda mti huu patakuwa wapi? Nayo inatupakia rangi. Kijani, panafaa. Manjano, huenda. Peupe, hapafai.

Mikoko yetu ya mbele, ile iliyokaribia mdomo wa hori, kwenye ramani ya miaka ijayo inakuwa myeupe. Maji yatakuwa yamezidi, mizizi haitapata kupumua. Lakini miti haifi kimyakimya, Baba, nayo inahama. Mzazi anabaki pale pale anazama, mbegu inapanda na maji inatafuta ardhi ya juu kidogo. Na mchu ndio wenye ujasiri wa kutangulia nchi kavu. Ile takataka uliyokuwa ukinikamatisha kila bamvua ndiyo msafara wenyewe, ulikuwa unapita kwetu tangu sijaota meno ya pili.

Siku niliyoleta ile ramani nyumbani nilikuja mbio, na furaha ya mtoto aliyepasi mtihani. Nikaitandaza juu ya mkeka. Ukaifuta mikono yako kwenye kikoi kabla ya kuigusa, ukaitazama kwa muda mrefu, ukaniuliza pale penye kijani ni wapi. Nikasema ni hapa kwetu.

"Nani amelipaka rangi shamba langu?" ukaniuliza.

Nikaeleza. Nilieleza vibaya, nilitumia maneno ya ofisini, na wewe ulikuwa umeshaacha kunisikia. Uliikunja ramani taratibu, ukanirudishia. "Baba yangu alionyeshwa moja kama hii," ukasema, ukaingia ndani. Hukusema nami tena mpaka Ramadhani ilipoingia, na hata hapo ulisema tu nikupitishie tende.

Ulidhani ni ramani ya kugawa. Ulidhani kuna mkubwa mahali fulani ameketi na kalamu ya kijani, ameshaamua, na binti yako amebebeshwa ujumbe. Sikulaumu. Kila ramani iliyowahi kufika kwetu ilikuwa na mwenyewe mwingine. Lakini hebu nikwambie sasa, polepole: ramani yangu haikusema mchu utakuja. Ilisema ukija utaweza kuishi. Wa kuamua mchu uingie au usiingie alikuwa mwenye shamba, na mwenye shamba alikuwa wewe.

Nawe uliamua. Siku zile zile ukaanza kubeba matumbawe. Nilikuwa nikirudi kutoka kazini nakukuta umejaa vumbi jeupe hadi kwenye kope, ukuta umesogea. Mgongo ulikuwa ukikuuma, ulijifanya haukuumi. Nilitamani kukusaidia. Hilo hukulijua, kwamba nilitamani kukusaidia kujenga kitu nilichokiona ni kosa, kwa sababu tu nilikuwa sipendi kukuona ukibeba peke yako.

Kisha ofisini nikapewa kazi ambayo sikukuambia. Kompyuta haijui ukuta. Inaona ardhi, chumvi, joto na mvua, haiwaoni watu. Ilikuwa imepaka kijani kwenye ukingo wote wa hori, na mkubwa wangu akasema ni lazima mtu atembee kwa miguu aone ukweli ulivyo. Nikatembea. Pale panapofuata shamba letu kusini, tajiri amejenga ukuta wa mawe mpaka kwenye matope. Nikafuta kijani. Baada yake pana barabara iliyoinuliwa. Nikafuta. Kaskazini nyumba za kukodisha, na ukuta wa saruji, na ukuta mwingine. Nikafuta, nikafuta. Kila nilipofuta, mikoko ya hori letu ilikosa mlango mmoja wa kukimbilia, na mwisho ikabaki rangi mahali pamoja tu. Kwako.

Mkubwa wangu akaniambia nifute na pale, maana pana tuta. Nilikataa. Akasema kwa upole kwamba ramani haichorwi kwa matamanio. Nikamwambia pale bado, ukuta ni mfupi na maji yanauruka, aniache nimsubiri mwenyewe. Nilimaanisha wewe. Nilidhani tuna muda.

Minazi ya chini ilianza kuwa manjano mwaka huo. Ulisema ni ugonjwa, ukaipaka majivu. Haikuwa ugonjwa. Maji ya bamvua kubwa yalikuwa yakiruka juu ya ukuta wako, na yakishaingia yanakosa pa kutokea, yanakaa humo yakikauka na kuacha chumvi yote chini. Kabla ya ukuta yalikuwa yakija na kuondoka siku ile ile. Uliyafungia ndani pamoja na wewe. Nilikwambia mara moja, ukanijibu kwamba mashine yangu haijawahi kupalilia. Hilo kweli. Haijapalilia.

Hospitalini ulituita sisi wanao wawili, mimi na Bakari. Ulikuwa umekonda, mkono wako ulikuwa mwepesi juu ya wangu, na nilijua unataka kusema nini kabla hujafumbua kinywa. "Ukuta umalizwe," ulisema. "Mkoko usipite." Bakari akasema ndiyo, Baba. Kisha ukanigeukia mimi. Ulinitazama. Ulingoja. Ee Baba, ulingoja kweli, na mimi, ambaye ningekupa figo, sikuweza kukupa neno moja la uongo. Nilikuinamia nikakubusu paji la uso, na wewe ukafumba macho. Sijui kama ulinielewa au ulichoka tu.

Ulizikwa baada ya adhuhuri. Wanaume walikupeleka, sisi wanawake tukabaki uani na masufuria. Uko juu, karibu na barabara ya zamani, na kwenye ramani hapo ni peupe kabisa, karne nzima. Nilikuangalizia. Hakuna mchu utakaokufikia.

Baada ya hitima ndipo vita vilipoanza. Bakari alikuwa ameshaongea na fundi, saruji ameshaulizia. Unamjua mwanao, siku zote ni mpole, hotelini wanamsifu kwa kutopandisha sauti jikoni hata pakiungua. Siku hiyo alipandisha. Aliniambia ninataka kumzika baba mara ya pili. Nikamjibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Kisha akatulia, akasema jambo lililoniuma kuliko kelele zote.

"Wewe una elimu yako na ramani zako. Mimi nilichobakiwa nacho ni neno lake."

Nilitoka nikashuka hadi ukutani kwako, nikakaa pale pale pako, nikakulilia kwa mara ya kwanza tangu ufe. Kisha nikakasirika, maana ulikuwa umetuachia shamba na ugomvi katika fungu moja. Hasira ilinisaidia zaidi ya machozi. Nilipopanda kurudi nyumbani nilikuwa nimeshajua nitafanya nini.

Siku ya kugawa mirathi Ami Salim ndiye aliyekaa mbele, nduguyo, na kofia yake ya Ijumaa. Shangazi wote walikuwapo. Bakari akaanza kwa kusema wasia wako juu ya ukuta ni amana na lazima utimizwe kabla ya kugawa chochote. Watu wakaitikia kwa vichwa. Nilidhani nimeshindwa. Lakini unamjua Ami, hana haraka. Aliuliza kama ulisema ukuta ujengwe kwa mali gani, kwenye fungu la nani, na Bakari akasema hukusema. Ami akafikiri.

"Hassan alikuwa na amri juu ya shamba hili alipokuwa na pumzi," alisema. "Sasa ni la warithi. Neno lake ni nasaha kwenu, wanangu. Amri si yake tena."

Niliona Bakari ameinamisha kichwa. Sikufurahi, Baba. Ni ajabu kusikia mtu akisema kwa sauti kwamba amri si yako tena. Hata mimi niliyekuwa nikiipiga vita nilihisi nyumba imepungua kitu.

Kwa kuwa Mama alishakutangulia, theluthi ni yangu, theluthi mbili ni za Bakari, hilo halina mjadala. Ami akaniuliza kama binti ninapendelea upande wa juu, karibu na barabara, penye mchanga mzuri na mihogo inayokubali. Wote walitegemea hivyo. Nikasema nataka theluthi yangu itoke chini, upande wa maji.

Halafu mmoja wa shangazi akacheka, akadhani nafanya mzaha wa matangani. Ami akaniuliza tena, akanikumbusha kwamba minazi ya kule imekufa vichwa na chumvi imeshapanda. Nikasema najua, ninayo ramani. Hapo walicheka kweli, na nikawaacha wacheke. Bakari peke yake hakucheka. Alikuwa ameshaelewa kwamba ukuta wote uko ndani ya fungu langu.

Nilimwambia mbele ya watu: "Ukitaka ukuta, jenga mpakani mwetu, sitakuzuia. Lakini kule chini hapajengwi."

Hatukusemezana siku nyingi. Yeye yuko Diani, mimi naja na kwenda baina ya kituo chetu Gazi na nyumbani. Nilipanda mkonge kwenye mpaka, nikaanza safari za Kwale mjini kutafuta hati ya fungu langu, safari ambazo ukizisimulia mtu hupata homa. Ukuta sikuugusa. Nilikuwa na haki ya kuubomoa, lakini kila niliposhika jiwe nilikumbuka vumbi kwenye kope zako, nikaliweka chini.

Aliyeubomoa, Baba, ni Bakari. Keti kitako kwanza. Bamvua moja ilikuja na mvua nyuma yake, maji yakajaa ndani ya ukuta na kukaa, na safari hii yalipanda hadi fungu lake. Yalifika kwenye ule mnazi wa karibu na jiko, ule aliozaliwa chini ya kivuli chake, na siku zake za mapumziko alizokuja nyumbani alikuta majani yake ya chini yameanza kugeuka rangi. Hakuniuliza mimi. Alizunguka ukuta wote, akashuka akatazama upande wa pili hori likiwa tupu, na ndani ziwa letu la chumvi limetulia. Kisha akaenda nyumbani, akarudi na mtaimbo.

Nilimkuta amevua shati. Nikaokota sururu. Yale mawe ulikuwa umeyapanga vizuri sana, ulikuwa fundi, yalikataa kutoka kama wewe mwenyewe ulivyokuwa ukikataa kutoka chumbani ukikasirika. Lilipotoka jiwe la chini kabisa maji yakalisukuma lililobaki na kuanza kutoka, na yalivyokuwa yakikimbia Bakari aliyatazama na kusema, bila kunigeukia, "Nafanya kwa ajili ya minazi yangu. Mchu wako sitaki hata kuusikia."

Nikamwambia sawa. Ndipo nikaona analia, nikalia na mimi, tukakaa juu ya mawe yako wawili hao, wazima na akili zetu, tukilia kwa sababu ya ukuta. Ungetucheka.

Hiyo ndiyo habari. Mnazi wa jikoni umetoa majani mapya. Ofisini nimepeleka ramani iliyorekebishwa, na pale kwetu ni kijani bila alama ya kuuliza. Na michu imeingia. Mimi mwenyewe sikupanda mti hata mmoja, nataka uelewe hilo, sikumkaribisha mtu kwa nguvu. Iliingia yenyewe, ikachagua pa kukaa. Mmoja umeota kati ya magogo mawili ya minazi iliyokufa, una majani manne, chini yake ukitazama asubuhi utaona chumvi imeganda, maana mchu huila chumvi kisha huitema. Kaa wameanza kuchimba. Mama mmoja jirani ameniambia kamba wadogo wanaonekana ule mwanya unapojaa maji, sijawaona bado kwa macho yangu.

Lakini uliyemwogopa amekuja pia. Lazima nikwambie na hilo, sikufichi kitu.

Alikuja na bodaboda, afisa wa misitu, kijana mwenye adabu, viatu vya mpira. Akaniamkia. Akatembea kwenye michu yangu, akainama akaitazama, akafurahi kwa dhati, nikampenda kwa hilo. Kisha akasema, "Dada, mkoko popote unaposimama ni wa serikali. Na maji ya bamvua yakifika hapa, hapa ni ufuo, si shamba la mtu." Alisema atarudi na sarveya.

Nilisikia sauti yako masikioni, nilikwambia, nilikwambia. Ulikuwa na haki ya kuogopa, nimesema. Hukuwa mjinga hata siku moja. Ulilosahau ni hili tu: ulimwogopa mgeni asiye na miguu ukajenga ukuta dhidi yake, na mwenye miguu ukuta wa matumbawe haumzuii. Anauzunguka anapita barabarani. Babu hakupokonywa na miti. Alipokonywa na watu, na watu hawazuiwi kwa jiwe, wanazuiwa na mtu aliyesimama.

Basi nilisimama. Nilimwambia hili ni shamba la urithi, lina mipaka, lina mwenyewe, na miti hii imeingia humu kwa sababu mwenyewe amefungua. Nikamwambia kama nisingefungua, asingekuwa na mchu wa kuufurahia wala hori la kulichunga, zingebaki kuta na maji. Akitaka kuilinda miti hii nitailinda naye bega kwa bega. Akitaka kuitumia kunitoa, aje na sarveya, aje na wakili, aje na bahari yenyewe. Alinitazama kidogo, akaandika jambo kwenye simu yake, akaniaga vizuri. Sijui ataandika nini kwenye ripoti. Sijui sheria itasema nini, wapo wanaonieleza nina haki na wapo wanaonieleza najidanganya. Ninachojua ni kwamba sitaing'oa michu ili nilale usingizi, na sitalitoa shamba ili nionekane mwema.

Nilimpigia Bakari simu nikamsimulia. Nyuma yake nilisikia sahani za hotelini. Mwishowe akaniuliza afisa atarudi lini. Nikasema hakutaja. "Akitaja niambie," alisema, "nitaomba ruhusa kazini." Akakata simu kwa kuwa wageni walikuwa wanangoja chakula.

Naishia hapa, Baba, maji yanaanza kupanda na nataka nishuke nikayatazame yakiingia. Mola akulaze pema na akupunguzie hasira, lakini asizimalize zote, nyingine bado tunazihitaji huku. Nakuaga bila kukuomba radhi. Ninakuahidi nitakaa. Miti itapanda, bahari itapanda, wenye ramani watakuja na wataondoka, na kila watakayemuuliza hapa ni kwa nani atawaelekeza kwangu.

Hati imetoka wiki hii. Karani aliniuliza kama kuna jina la mume la kupigwa chapa mbele. Nikamwambia hapana. Imeandikwa Mejumaa binti Hassan. Yeyote atakayetaka kunitoa kwenye matope haya itambidi alisome jina lako kwanza, kwa sauti, nami nimesimama mbele yake.

Mwanao mkaidi,
Mejumaa